Kijiko, Kijiti na Bata wa Kiangazi: Maneno ya Wawindaji Niliyoyaazima

Januari moja tulikuwa Ruai, kwenye mabwawa ya majitaka, tukihesabu ndege wa maji. Wanaoyajua mabwawa yale watakubali kwamba pua huzoea baada ya nusu saa hivi. Macho ndiyo hayazoei, maana ndege ni wengi kupita kiasi. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mzee wa Kimarekani kutoka Arkansas aliyekuja Nairobi kumtembelea binti yake. Nilikuwa nimeinama nikikaza miguu ya darubini, na nyuma yetu kundi likaruka kutoka majini, mbawa zikatoa mlio mkavu kama mtu anayepekua kurasa za kitabu kwa kidole gumba. Mzee hakugeuza hata shingo.

"Spoonie," akasema, yaani kijiko.

Nikaangalia. Kweli, walikuwa ni Spatula clypeata, bata mwenye mdomo mpana kama mwiko, arobaini na ushei. Mimi huongoza watazamaji wa ndege, ndiyo kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na huyu mzee alikuwa amenishinda akiwa ameupa mgongo ushahidi wote. Nilipomuuliza amejuaje, akasema amewinda bata tangu utotoni, na bata huyo akiinuka mbawa zake hutatarika hivyo. Akaongeza kwamba kwao jina lile halina heshima sana. Nitaeleza.

Kenya tulipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na kusema kweli mimi sina hamu ya bunduki. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikikusanya maneno ya wawindaji wa bata, na mengi tunayatumia katika kikosi chetu cha kuhesabu. Sababu ni hii: jina la kwenye kitabu hupewa ndege aliyetulia, aliyechorwa akiwa amesimama pembeni na mguu mmoja mbele. Jina la mwindaji hupewa ndege anayepita alfajiri, mwanga hafifu, na una sekunde mbili tu za kuamua. Tena nyuma ya uamuzi huo kuna sheria. Katika sehemu kubwa ya Marekani kikomo ni bata 6 kwa siku, na ndani ya hao kuna vikomo vingine vya kila aina, hata vya jike na dume. Ukikosea jina umevunja sheria. Ndiyo maana majina yao hayana mapambo: kila moja ni alama ya kutambulia iliyofupishwa ikatosha mdomoni.

Tuanze na bata wao mkuu, ambaye kwetu haji: Anas platyrhynchos, baba wa karibu bata wote wafugwao duniani. Dume humwita "greenhead", kichwa-kijani, na jike humwita "Susie", kama jina la binti wa jirani. Wengi hawajui kwamba ile "kwaa-kwaa-kwaa" maarufu, inayoanza juu na kushuka, ni sauti ya jike. Dume sauti yake ni ya chini, imekwaruza. Kwa hiyo filimbi nyingi za wawindaji, na hata mashindano ya ubingwa wa dunia ya kuita bata yanayofanyika mji wa Stuttgart huko Arkansas tangu 1936, ni wanaume wazima wakijitahidi kumwigiza Susie. Yule mzee alituigia kwa mdomo mtupu. Bata mdomo-manjano wetu, ambaye ni ndugu wa karibu wa Susie na hulia karibu vilevile, mmoja wao aliinua kichwa akatutazama kwa muda mrefu.

Sasa, kichwa-kijani hayupo Kenya, lakini dume la spoonie naye ana kichwa cha kijani. Hapa ndipo heshima inapopotea. Mwindaji anayeona kijani kikipita, akapiga, akaokota, akakuta mdomo mpana kama mwiko wa ugali, huchekwa na wenzake hadi jioni. Wamempachika bata huyu majina ya kejeli: kichwa-kijani anayetabasamu, kwa sababu kingo za mdomo wake zimepinda kama mtu anayecheka kisirisiri, na kichwa-kijani wa Hollywood, yaani sura nzuri, ndani hamna kitu. Wengi wao hawapendi hata nyama yake. Mimi namtetea. Kingo za mdomo ule zina vichanio vidogo vingi vinavyochuja viumbe vya majini, na ukiwaona ishirini wakizunguka pamoja kwenye bwawa, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake ili kuvuta chakula juu, utasamehe mdomo wowote. Mabwawa ya majitaka yamejaa chakula hicho. Ndiyo maana Ruai ni kwake. Sisi humwita Kijiko.

Jina la pili nililolipenda ni "sprig", kijiti, kwa Anas acuta. Dume ana mkia mrefu uliochongoka, shingo ndefu nyembamba, na akiwa angani huonekana kama mtu amechomeka kitawi kwenye tunda la zeituni. Uingereza, wawindaji wa pwani walimwita fezanti wa baharini, kwa kumfananisha na fezanti, ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu. Kijiti ni bora: ukimwona akipita juu ya barabara ya Kangundo jioni, huna muda wa kufikiria fezanti.

Na kuna mdogo wao, Spatula querquedula, dume mwenye utepe mweupe juu ya jicho kama nyusi iliyochorwa saluni. Waingereza wa zamani walimwita kwa jina la nyenje, kwa sababu dume akilia ni kama kucha inayopitishwa kwenye meno ya kitana. Walimwita pia bata wa kiangazi. Kwao maana ilikuwa wazi: bata wengi wa Ulaya hubaki, angalau baadhi yao, majira ya baridi, lakini huyu huondoka karibu wote, kwa hiyo humwona kiangazi tu. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye matatu. Huku kwetu huwa wengi Januari na Februari, jua likiwaka, vumbi tele, mabwawa yakikauka pembeni. Kiangazi! Ni ndege anayekimbia kutoka kiangazi kimoja hadi kingine, na jina lake halikosei popote aendapo.

Kiswahili chenyewe si kigeni kwa mchezo huu. Bata bukini ameitwa hivyo kwa kuhusishwa na Bukini, jina la zamani la Madagaska. Kwa bata wa porini wanaokuja na kuondoka ndiyo tuna umaskini: wengi wetu tunasema bata tu, na kijana wa Nairobi ukimwambia bata atafikiria viatu kwanza, halafu wimbo wa Bongo unaosema tule bata, halafu labda ndege.

Baada ya majina kuna maneno ya mwenendo, na hapa ndipo hazina ilipo. Bata akiamua kutua, hupinda mbawa zikawa kama bakuli, akashusha miguu, akaacha kupiga mbawa. Wawindaji wana neno la kikombe kwa mkao huo, nao wakiuona vidole hukaza. Kwetu sisi mkao huo una maana moja: usihesabu bwawa hili bado, wageni wanakuja. Vijana wa kikosi walilitafsiri siku hiyohiyo. Husema bata "ameitisha stage". Yeyote aliyepanda matatu ataelewa.

Bata bukini wakitaka kushuka haraka kutoka juu sana hupindukia, mgongo chini, wakamwaga hewa kutoka kwenye mbawa, wakaanguka wakiyumba huku na huku. Marekani hulinganishwa na jani la mti wa mepo (maple) linavyodondoka. Hatuna mepo. Mimi husema jani la mukima, lakini sijaridhika.

Neno ninalolitumia zaidi ni lile la bata "waliochacha". Hao ni bata waliokaa mahali wiki kadhaa, wakaona sanamu za kuwavutia, wakasikia filimbi, wakaona wenzao wakianguka, na sasa hawadanganyiki. Bata wapya waliofika usiku wa jana hugeuka kwa filimbi ya kwanza. Ukitaka kuwaelewa, nenda soko la Gikomba. "Kuja kastoma!" ikipigwa, aliyeshuka basi leo asubuhi hugeuka. Mwenyeji haangalii hata upande ule. Wahenga walisema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na wawindaji huapa kwamba bata aliyechacha hunaswa kwa sanamu mbili tatu zilizochakaa, si kwa mia zinazong'aa.

Hapa Ruai hakuna anayewapiga, ila hali ni ileile kwa kinyume. Bata wa Oktoba huruka ukifungua tu mlango wa gari. Kufikia Februari lori la kazi linapita mita chache kutoka kwao na hawaachi kula, lakini mtu akisimama ghafla ukingoni na fimbo begani, wote juu. Miguu ya darubini begani hufanana na nini, wajiulize wenyewe. Nimejifunza kuibeba chini, kama kikapu.

Kuna maneno ambayo kwao ni laana na kwetu ni baraka. Siku isiyo na wingu wala upepo huipa jina la ndege mdogo wa buluu, na hulalamika, kwa sababu bata hukaa katikati ya maji bila kutikisika. Mimi ndiyo siku ninayoiombea. Bata waliotulia pamoja majini kama chelezo moja kubwa huhesabika: unahesabu kumi, unapima kumi hiyo ni upana gani, unaipanga hadi mia, kisha unasogeza mia hiyo juu ya kundi lote. Upepo ukivuma wakarukaruka, utarudia mara tatu upate majibu matatu.

Na lipo neno la dharau kwa mwindaji anayefyatua risasi kwa ndege walio mbali mno, "skybuster", mpasua-mbingu. Huharibu siku ya kila mtu. Tunao sisi pia: mtazamaji anayetaja jina la ndege aliye doa jeusi juu ya Athi River, na kwa aibu ya kutaka kumheshimu tunaliandika. Tangu tupate neno hilo, daftari limepata ndege wachache na wa kuaminika zaidi.

Kubwa kuliko yote ni mgawanyo wao wa bata wa kalenda na bata wa hali ya hewa. Bata wa kalenda huondoka siku zikianza kufupika, baridi iwe imefika au la. Bata wa hali ya hewa, kama kichwa-kijani, hung'ang'ania kaskazini hadi barafu ifunge maji, ndipo asukumwe. Ndiyo sababu mwindaji wa kusini mwa Marekani hukesha akisikiliza utabiri, akisubiri baridi imletee bata.

Wote wanaofika kwetu kutoka Ulaya na Asia ni wa kalenda, kwa kiasi kikubwa. Mtu wa pwani angewaelewa upesi: hushuka Oktoba na Novemba, wakati kaskazi inajiandaa kuvuma na kuleta majahazi, na kufikia Aprili, kusi ikishika, wameshageuza. Huku bara mimi hutumia mjakaranda. Barabara zikianza kuwa zambarau, napiga simu kuomba ruhusa ya kuingia mabwawani.

Ila mgawanyo huo hautoshi Afrika. Bata wetu wakazi, kama yule mdomo-mwekundu na wale wanaopiga miluzi usiku, hawafuati kalenda wala baridi. Hufuata mvua. Ikinyesha sana, kila shimo Ukambani na Kajiado huwa bwawa, nao hutawanyika, na Ruai hubaki na nafasi. Mwaka wa ukame hurudi wote. Mgeni akiona hesabu hizo bila kujua mvua, atadhani bata wamekufa au wamezaliana kimiujiza. Kwa hiyo kwenye fomu zetu nimeongeza aina ya tatu, bata wa mvua.

Si kila neno nimelichukua. Wana msamiati mpana wa ndege aliyejeruhiwa, na huo nimewaachia. Pete za utafiti zilizo miguuni mwa ndege huziita vito, na wengi huzitundika kwenye kamba ya filimbi shingoni kama medali. Zamani ningeudhika. Lakini ni pete zilizoripotiwa na wawindaji zilizomwezesha mtafiti wa ndege Frederick Lincoln, mwaka 1935, kueleza njia kuu 4 za ndege Amerika ya Kaskazini, na stempu ambayo wawindaji wa bata hununua tangu 1934 imelipia ardhi nyingi yenye maji. Hilo siwezi kulifuta kwa sababu ya ladha yangu.

Jambo moja halikuwa na neno zuri hata kwao. Baada ya kuzaliana, dume hubadilisha manyoya, akapoteza rangi zote akafanana na jike, na kwa wiki kadhaa hata kuruka hawezi. Wengi hutufikia Oktoba bado wakiwa na vazi hilo la hudhurungi, ndipo wageni wetu huuliza mbona wamekuja majike tupu. Wanasayansi na wawindaji hutumia neno la kupatwa kwa jua. Nilijaribu "nguo za nyumbani", halikushika. Mwaka jana msichana mmoja wa kikosi, mzaliwa wa Kayole, alitazama darubini kimya kwa muda, akasema, "Mwalimu, hawa si majike. Wamevaa mitumba tu, wanangoja Desemba."

Ukifungua daftari letu la Oktoba utakuta mwandiko wake: Kijiko, 60, mitumba.