Mionzi haibaki mwilini baada ya tiba ya mapigo ya moyo

Wapo wanaoamini kwamba aliyetibiwa mapigo ya moyo kwenda mrama, kwa mrija unaopitishwa mshipani, hurudi nyumbani na mionzi mwilini, hivyo asimbebe mtoto. Si kweli. Eksirei inayotumika katika tiba hiyo hukoma papo hapo mashine inapozimwa, kama taa. Tena kinachounguza tishu korofi za moyo, zinazovuruga mapigo, si eksirei. Kwa kawaida ni joto la mawimbi ya redio. Eksirei humwonyesha daktari mrija ulipo tu, na siku hizi ramani ya kompyuta na ultrasaundi ya ndani ya moyo huipunguza sana, pengine hadi sifuri. Wenye sababu zaidi ya kujihadhari ni wahudumu, wanaopata mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana huvaa aproni zenye madini ya risasi.