Njia ya reli na njia ya tuta la reli

Mwaka huu ni mara ya tatu kukutana na "rail trail" ya Kiingereza ikitafsiriwa kimakosa "njia ya reli". Safari hii ilikuwa kwenye kipeperushi cha Kiswahili kilichoandaliwa kwa ajili ya familia zilizohamia jimbo la Missouri, Marekani, nyingi zikiwa zimetoka Congo. Nilipewa nikihariri. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi hii: "Watoto wanaweza kuendesha baiskeli kwenye njia ya reli bila malipo." Mwenzangu niliyekaa naye meza moja aliisoma, akasita, akaniuliza, "Na treni ikija?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwa Kiswahili cha kila siku njia ya reli ni reli yenyewe: vyuma viwili, mataruma, kokoto, na treni inayopita hapo. Mama akisoma sentensi ile atawakataza wanawe wasitoke na baiskeli. Hilo lina nafuu. Kinachonitisha ni mtoto atakayeiamini.

Kinachokusudiwa Wamarekani hukiita "rail trail", na maana yake ni fupi. Ni njia ya kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, pengine hata kupanda farasi, iliyotengenezwa juu ya tuta ambalo zamani lilibeba reli. Treni zilikoma, vyuma na mataruma vikang'olewa, ukamwagwa mchanga wa mawe yaliyosagwa au lami, magari na pikipiki yakapigwa marufuku. Basi.

Jina hilo likifunguliwa, kosa la wafasiri linaonekana wazi. "Rail" lilipitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini "regula", yaani ubao ulionyooka. "Regula" hiyohiyo ndiyo iliyozaa kile kifaa ambacho kila mwanafunzi anacho kwenye mkoba wake, rula. Kwa hiyo reli na rula ni wajukuu wa bibi mmoja, na ukiitazama reli ikikata mbuga moja kwa moja utaona wamefanana naye. "Trail" lina ukoo mwingine, ukoo wa kuvuta. Linarudi hadi neno la Kilatini la nyavu ya kukokota, na nyuma yake kitenzi "trahere", kuvuta. Na treni? Treni nayo ni ya ukoo huohuo: msururu wa mabehewa yanayovutwa na kichwa kilicho mbele.

Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote, maana tuna neno mkokoto. Ngalawa ikivutwa kutoka majini hadi juu ya ufuko, ile alama ndefu inayobaki mchangani ndiyo mkokoto. Treni ni kinachokokotwa, na "trail", kwa asili yake, ni mkokoto wake: kile kinachobaki chini baada ya chombo kupita. Sijapata kuona neno la kigeni lililoeleza jambo lake vizuri kiasi hicho, na ndiyo sababu naumia likigeuzwa kuwa kinyume chake.

Tatizo limo katika "ya". Njia ya miguu ni njia ya kupitisha miguu. Njia ya reli ni njia iliyo na reli. Msomaji hawezi kuisoma "ya" ya pili kwa maana ya kwamba reli ilikuwapo ikaondoka, kwa sababu hatuitumii hivyo.

Na huko Missouri tofauti hiyo si ya darasani. Njia inayozungumziwa na kipeperushi ni Katy Trail, yenye urefu wa kilomita 386 hivi, na sehemu yake kubwa inafuata Mto Missouri. Jina Katy si la mwanamke. Ni herufi K na T zikitamkwa kwa Kiingereza, kutoka jina la shirika la reli la Missouri–Kansas–Texas. Mafuriko ya mwaka 1986 yaliiharibu vibaya reli hiyo, shirika likaacha kupitisha treni sehemu ile, na mwaka 1990 kipande cha kwanza cha njia kikafunguliwa karibu na mji mdogo wa Rocheport, ambako unapita ndani ya tuneli pekee ya njia nzima. Sasa angalia: kuanzia Boonville kwenda mashariki, Katy iko ukingo wa kaskazini wa mto. Ng'ambo, ukingo wa kusini, kuna reli nyingine, nayo ni hai. Treni za mizigo na za abiria zinapita hapo hadi leo. Mtu akiambiwa "kandokando ya Mto Missouri kuna njia ya reli, kaendeshe baiskeli", ni ipi ataiona kwanza? Ile yenye vyuma.

Wengine hudhani thamani ya kitu hiki imo katika kumbukumbu, kwamba watu wanapenda kupita palipopita treni. Kumbukumbu zipo, lakini mali hasa ni tuta. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, kwa hiyo treni nzito haiwezi mlima mkali. Wahandisi walijitahidi mwinuko usizidi mita 2 kwa kila mita 100 za mwendo, na mara nyingi walibaki chini ya hapo. Ili kulipata hilo walikata vilima, wakajaza mabonde, wakajenga madaraja, wakatoboa miamba. Kazi yote ile iliyofanywa kwa sululu na baruti kwa ajili ya kichwa cha treni, leo inamfaa mzee wa miaka 70 mwenye baiskeli isiyo na gia.

Mfano ninaoupenda uko Wisconsin, kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta. Njia hiyo ya kilomita 51 hivi, ilifunguliwa mwaka 1967, na hutajwa kama njia ya kwanza ya aina yake Marekani. Ina tuneli tatu, na iliyo ndefu kuliko zote ina urefu wa zaidi ya kilomita 1. Unateremka kwenye baiskeli, unawasha tochi, unaikokota kwa miguu gizani huku maji yakikudondokea mabegani kutoka kwenye mwamba, na baridi yake ni ya ghafla hata katikati ya kiangazi. Mdomoni mwa tuneli kuna milango mikubwa ya mbao, mirefu kama ya ghala. Zamani palikuwa na mlinzi ambaye kazi yake majira ya baridi ilikuwa kuifungua milango hiyo treni ilipokuja na kuifunga ilipopita, ili maji yasigande kwenye nyufa na kuupasua mwamba. Mlinzi hayupo tena, ila milango bado hufungwa kila majira ya baridi, kwa sababu ileile.

Nilipomweleza mwenzangu haya yote alisema, "Basi andika njia ya iliyokuwa reli," kama tunavyosema aliyekuwa waziri. Nililifurahia sana pendekezo hilo, na kwa njia nyingi linatosha. Kwa Katy halitoshi, na sababu yake iko kwenye sheria.

Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele chake mwaka 1916, ukiwa na zaidi ya kilomita 400,000. Malori na magari yalipochukua mizigo na abiria, mashirika yakaanza kuziacha reli moja baada ya nyingine. Shida ikawa ardhi. Mahali pengi shirika halikumiliki ardhi iliyo chini ya reli, lilikuwa na haki ya kupita tu. Likiiacha reli, haki inakufa, na ardhi inarudi kwa wenye mashamba ya kandokando, kipande huku, kipande kule. Tuta lililochukua miaka kujengwa linakatikakatika, na likikatika haliungiki tena. Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliongeza kifungu kinachoruhusu reli kuwekwa akiba: treni zinasimama, watu wanapita kwa miguu na baiskeli, lakini kisheria reli haijaachwa, na siku treni zikihitajika zinaweza kurudi. Wenye ardhi walipinga, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kifungu hicho ni halali, huku ikiwaachia wenye ardhi mlango wa kudai fidia. Katy imehifadhiwa kwa kifungu hicho. Chuma hakipo, treni hazipo, ila reli, mbele ya sheria, ipo. Kuiita iliyokuwa reli ni kumzika mtu aliyelala.

"Reli ya zamani" nayo ina hatari yake, hasa kwa msomaji wa Tanzania au Kenya. Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kazi, reli ya zamani kwetu ni ile ya upana wa mita moja ya wakati wa ukoloni, na ile ina treni.

Na si kila reli iliyong'olewa ni njia ya namna hii. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ile ni reli iliyokufa. Njia haizaliwi kwa treni kukoma tu, lazima awepo mtu wa kulishika tuta lote kama kitu kimoja, kukarabati madaraja na kuwafungulia watu wapite. Vivyo hivyo, watu wanaotembea kila asubuhi kandokando ya reli ya Kibera, Nairobi, hawako kwenye njia ya aina hii, wako relini, na treni inapiga honi.

Kwa hiyo mimi naandika njia ya tuta la reli. Ni maneno matano, najua, na mtu mwenye haraka atalikata la tatu. Naomba asilikate. Vyuma vinaweza kuwa vimeng'olewa, sheria inaweza kusema reli ipo au haipo, lakini tuta halina ubishi, liko chini ya miguu yako. Kwenye kipeperushi sentensi sasa inasema: "Watoto wanaweza kuendesha baiskeli kwenye Katy Trail, njia ya tuta la reli iliyo ukingo wa kaskazini wa mto. Treni hazipiti hapo. Zinapita ukingo wa kusini." Imekuwa ndefu zaidi ya mara mbili, na mwenzangu amenisaidia kuchora ramani ndogo ya kuweka chini yake.