Waliotangulia hawakuwa malaika

Juzi tumetoka hitimani tukakaa barazani, birika la kahawa linazunguka, zikatajwa khabari za waja wema waliotangulia, kijana mmoja wa mtaani akanambia: "Ami, wale walikuwa watu. Sisi makapi tu." Wazee wakatikisa vichwa kuafiki. Mimi nilinyamaza kwa adabu ya kikao, lakini neno lile lilinikera njia nzima mpaka nyumbani. Linasikika kama unyenyekevu, kumbe ni udhuru: ikiwa wale waliumbwa vyengine, basi mimi sidaiwi kitu.

Dhana: Waja wema waliumbwa kwa udongo mwengine.

Ukweli: Mtazame Sayyid Ahmed bin Sumeit, mwanachuoni ambaye Unguja hatujaacha kumtaja. Kazaliwa Ngazija mwaka 1861, na ujanani mwake alikuwa mtu wa bahari, nahodha katika chombo cha baba yake. Enzi ya Sultani wetu Sayyid Barghash akawa kadhi hapa, hata miaka thalathini hajatimiza. Hapo wengi wetu tungesema tumeshafika. Yeye kazi ile aliiacha, akasafiri mpaka Istanbul akakaa kwa mwanachuoni Sayyid Fadhl, akapita Misri na Makka akitafuta elimu, na Unguja hakurudi mpaka mwaka 1888, Barghash alipokuwa keshafariki. Yaani mtu aliyekuwa kadhi alikubali kuwa mwanafunzi tena. Mimi hilo hunipa moyo kuliko karama yoyote, yaani ajabu za mawalii, ninayohadithiwa, kwa sababu karama siiwezi, lakini kukaa mkekani mbele ya anayejua zaidi yangu naweza, nikitaka.

Rafiki yake mkubwa, Sheikh Abdallah Bakathir, alikuwa mtu wa Lamu, mtoto wa nyumba ya kimaskini. Hakurithi jina wala mali. Akasoma, akahamia Unguja, akafungua chuo Ukutani, na jina lake likafika mpaka Cape Town, ambako alikwenda kuwapatanisha Waislamu wa huko. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Na ukipanda juu zaidi, kwa Manabii wenyewe na kwa Bibi Maryam, Kur-ani haikuficha udhaifu wao. Nabii Musa aliogopa kurudi kwa Firauni, akasema wazi kuwa anaogopa kuuliwa. Bibi Maryam alipobanwa na uchungu chini ya mtende alitamani laiti angekufa kabla ya siku ile.

Nilipofiwa na mama, nilisikia "subiri, usilie" mpaka nikaanza kujiona muasi. Siku ya tatu akaja bibi mmoja wa jirani na bakuli la uji, kalifunika kwa kawa. Akakaa mkekani, akanitazama, akasema: "Nabii Yaakub kamlilia Yusufu mpaka macho yake yakafanya weupe. We nani, mwanangu, usilie?" Nililia mpaka uji ukapoa. Usiku ule ndio wa mwanzo nilipata usingizi.

Dhana: Kutafuta moyo kwa waliokufa ni kuelekea kwenye shirki, kumshirikisha Mungu.

Ukweli: Kumkumbuka mtu ni jambo moja, kumuomba ni jambo jengine. Sura ya Hud, aya ya 120, inamwambia Mtume wetu kuwa khabari za Mitume waliotangulia anasimuliwa ili moyo wake uthibitike. Ikiwa yeye alihitaji kusimuliwa, mimi nani? Mambo ya ziara za makaburi na hauli, yaani kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka aliyefariki, masheikh wetu wameshakhitilafiana, na sitaki kuwatia watu fitina hapa. Nitasema moja tu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mtoto wa Unguja (1912–1982), mfasiri wa Kur-ani kwa Kiswahili na Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa mkali wa kupinga bidaa, mambo yaliyozushwa katika dini, hamung'unyi maneno. Na ni yeye huyo huyo aliyekaa akakusanya kitabu kizima cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani kasoma kwa nani, nani kasomesha wapi. Aliyekemea kupindukia ndiye aliyetuhifadhia majina yao.

Dhana: Zamani wema ulikuwa rahisi, dunia ilikuwa tulivu.

Ukweli: Tulivu ya wapi? Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kikafagia maelfu. Mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; Pemba ikasalimika, na ndio maana tukisema karafuu leo tunasema Pemba. Na mpaka mwaka 1873 Mkunazini palikuwa na soko ambapo watu wanauzwa, hatua chache kutoka misikiti inayosomeshwa darsa. Hili kwenye sifa za wazee wetu hatulitaji, na mimi naona tulitaje. Mtu anaweza kuwa mwema kwa mengi na akawa kipofu kwa moja alilozaliwa akalikuta. Tukichukua sala zao si lazima tuchukue na upofu wao.

Wakristo wa Mkunazini nao wana wa kuwakumbuka. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa utumwani akakombolewa. Mwaka 1890 akapewa upadri katika kanisa lile lile lililojengwa juu ya soko, Mwafrika wa kwanza wa misheni yao kufika daraja hiyo.

Dhana: Wema ni wale wenye makaburi yanayojulikana.

Ukweli: Vitabu vimeandikwa na wanaume kuhusu wanaume, lakini wengi wetu hapa Visiwani herufi ya mwanzo tumefundishwa na mwanamke, ukumbini kwake, baina ya kukuna nazi na kuchungulia chungu jikoni. Wangu mimi alikuwa hajui kuandika jina lake kwa herufi za kizungu. Alikuwa na ukili anausuka huku anasikiliza watoto kumi na tano wanasoma kila mmoja pake, na ukikosea, bila kuinua macho, anagonga sakafu kwa kidole mara moja. Hakuna anayemfanyia hauli. Kaburi lake sasa limemea mivinje, mwanawe mwenyewe hulitafuta.

Wiki iliyopita nilisalishwa isha na kijana nisiyemjua. Katika Alhamdu, alipofika "iyyaka na'budu" akavuta kidogo, kwa namna ile ile ya ukumbini kwetu. Baada ya sala nikamuuliza kasoma kwa nani. Kwa bibi yake, akasema. Na bibi yake? Akamtaja mwalimu wangu.