Je, wajua? Mhusika wa gemu anayeongea kwa AI hakukumbuki, anasomewa habari zako

Ukicheza gemu ya Skyrim iliyowekewa ile modi (nyongeza inayobadilisha gemu) inaitwa Mantella unaweza kumsimamisha mhunzi wa Whiterun, mji wa ndani ya gemu, ukaongea nae kwa mdomo wako kupitia maiki, nae akakujibu kwa sauti, na ukirudi baadae anaweza kukuuliza yule dada yako uliyesema anaumwa anaendeleaje. Gemu yenyewe ni ya 2011 na hakuna mtu aliyekaa akaandika hayo maongezi. Sasa amekukumbukaje?

Jibu walilonalo wengi ni kwamba AI inajifunza kadri unavyoongea nayo, yani maneno yako yanaingia ndani yake yanakaa humo. Sivyo kabisa. Modeli ya lugha, yani ile AI inayotunga majibu, ikishamaliza kufunzwa na kuwekwa kazini, zile namba zake za ndani hazibadiliki eti kwa sababu wewe umepita kusalimia. Mhunzi, mlinzi wa geti na mwenye baa mara nyingi ni modeli ileile moja inayopewa maelezo tofauti, haijui kama ilishaongea na wewe, haijui hata kama sasa hivi tu ilikuwa inajibu kwa jina la mtu mwingine. Kila ukifungua mdomo inaanza moja. Hata ndani ya maongezi yaleyale, sentensi yako ya tano haiendi peke yake, zinatumwa tena zile nne za mwanzo pamoja na majibu yake yote, ndo maana inaonekana kama mnaendelea. Kuna kampuni zinachukua maongezi ya watumiaji kufunzia matoleo ya baadae, hilo ni kweli, lakini ni kazi ya pembeni kabisa na haimsaidii mhunzi kukujua leo jioni.

Chukulia duka la mtaani lenye daftari la madeni, ila muuzaji anabadilishwa kila mteja anapoingia. Muuzaji mpya hakujui, lakini kabla hujafika kaunta kashasoma ukurasa wako: huyu anadaiwa sukari kilo mbili, kasema atalipa mwisho wa mwezi, dada yake anaumwa. Anakuuliza "dada anaendeleaje?" na wewe unajiona unafahamika pale. Ukitoka anaandika mstari mmoja miwili anaondoka, anayekuja anakuta hayohayo tu, na ambacho hakikuandikwa ndo kimepotea moja kwa moja, hata kama ulikisema kwa uchungu. Mantella inafanya karibu hivyohivyo. Maongezi yakiisha modeli inaombwa iyafupishe, muhtasari unahifadhiwa kama faili la maandishi, mkikutana tena unabandikwa kwenye maelekezo yake kabla hajasema neno. Faili hilo unaweza kulifungua ukasoma mhunzi "anajua" nini kuhusu wewe, na kwangu mimi hicho ndo kitu kitamu kuliko vyote kwenye modi hii.

Shida inaanza daftari likinenepa. Modeli inasoma kiasi fulani tu cha maandishi kwa wakati mmoja, na kadri unavyoipa mengi ndivyo inavyochelewa na gharama inapanda. Kwahiyo lazima kitu fulani kichague kurasa za kusoma. Aprili 2023 watafiti wa Stanford na Google walionyesha njia yao kwenye kijiji cha kompyuta walichokiita Smallville, chenye wahusika 25. Kila kumbukumbu ilipewa alama kwa mambo matatu: ni ya karibuni kiasi gani, ina uzito gani, na inahusiana vipi na kinachoongelewa sasa. Ule uzito modeli yenyewe ndo iliulizwa ipange kuanzia 1 mpaka 10, kusafisha chumba ikapata 2, kumtongoza mtu unayempenda ikapata 8. Kwa mpango huo mhusika mmoja, Isabella, alipewa tu wazo la kufanya sherehe ya Valentine, habari ikazunguka kijijini, kati ya 12 walioalikwa wakatokea watano. Tusilikuze sana lakini, zilikuwa siku mbili za ndani ya gemu na watu 25, sio dunia nzima ya wachezaji wakorofi wanaojaribu kila kitu.

Na hata pale daftari lilipokuwepo, wahusika wa Smallville waliongeza chumvi. Isabella alijua kwamba Sam, mhusika mwenzake, anagombea uongozi, hilo sahihi, ila alipoulizwa akaongeza kwamba kesho yake Sam atatoa tangazo, wakati hawakuwahi kuongea kitu kama hicho. Modeli kazi yake ni kuendeleza maneno yakae vizuri, pengo ikilikuta inalijaza.

Ndo maana pia mhunzi anaweza kukuahidi upanga, ukafungua begi hamna kitu. Maneno yanatoka kwenye modeli, upanga uko kwenye injini ya gemu, yani programu inayoendesha gemu lenyewe, na hivyo viwili havijuani mpaka mtu aviunganishe. Mantella imeunganisha vichache: modeli inaelekezwa kwamba ikiwa mhusika amekasirika, au ameamua kukufuata, itaje neno maalumu kwenye jibu, programu ikiliona ndo inampa gemu amri, mhunzi anatoa silaha au anaanza kukufuata nyuma. Upanga wa ahadi usipowekewa neno lake utaendelea kuwa maneno.