Pengo katika imla ya daktari

Kazi yangu ni kusikiliza sauti za madaktari na kuzigeuza kuwa maandishi. Daktari anapomaliza upasuaji, au anapokwisha kufanya ekografia (ultrasound), mara nyingi hana muda wa kukaa mbele ya kompyuta. Anachukua kinasa sauti, anasema alichokiona na alichokifanya, na sauti hiyo inatufikia sisi, nasi tunamrudishia protokole, yaani ripoti, iliyopangwa vizuri ili aisome, aisahihishe na kuitia sahihi. Hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi bado wanatuita masekretari, na jina hilo halinisumbui, kwa kuwa ndilo nililoanza nalo: kabla ya kufungua ofisi yangu yenye wanukuzi sita nilikuwa muuguzi, kisha sekretari wa idara ya magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya mji huu. Leo nataka kueleza sehemu ya kazi hii ambayo watu wa nje hawaioni, nayo ni ile nafasi tupu tunayoiacha kwenye ukurasa pale ambapo hatukusikia.

Sisi tunaiita pengo. Mnukuzi asiposikia neno, anarudisha sauti nyuma kwa kanyagio la mguuni na kusikiliza mara tatu kwa mwendo wa kawaida, mara moja kwa mwendo wa polepole, kisha anampa jirani yake vipokea sauti bila kumwambia yeye anadhani limesemwa neno gani, kwa sababu sikio lililokwisha kuambiwa haliwezi tena kuwa shahidi. Kama bado halijulikani, anapiga mistari mitano midogo, anaandika pembeni dakika na sekunde ambapo neno hilo liko, na anaendelea na kazi. Daktari akipata ukurasa wake anajua mahali pa kutazama, na anajaza mwenyewe kwa kalamu au kwa kutupigia simu.

Nilijifunza thamani ya pengo kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa sekretari nilinukuu barua ya kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, na daktari alikuwa amesema kwamba mgonjwa huyo alikuwa na upungufu wa potasiamu katika damu. Kwa Kifaransa upungufu ni hypokaliémie na ziada ni hyperkaliémie. Yeye alisema haraka, feni ilikuwa inavuma, nami nikaandika ziada. Mistari miwili chini yake nilikuwa nimeandika kipimo chenyewe, 2,8, wakati kiwango cha kawaida huanzia karibu na 3,5, lakini sikuunganisha mambo hayo mawili kwa sababu nilikuwa nakimbizana na rundo la faili. Daktari alitia sahihi bila kusoma. Aliyeliona kosa ni muuguzi wa zamu, mama mmoja mwenye umri wa kunizaa, aliyeniita kando na kuniuliza: "Mwanangu, mtu huyu apewe potasiamu au anyimwe?" Barua ilisahihishwa siku hiyohiyo na mgonjwa hakudhurika. Mimi nilikuwa muuguzi kabla ya kuwa sekretari, kwa hiyo nilijua vizuri kabisa kwamba kumnyima potasiamu mtu ambaye tayari anayo kidogo mno kunaweza kuyavuruga mapigo ya moyo wake.

Sikio hudanganywa kwa njia nyingi, na katika mji wetu lina mitego yake ya pekee. Mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kiswahili, daktari anayatamka katika imla kwa Kifaransa, na Kifaransa hicho si kimoja. Sisi tuliosomea hapa tulirithi kwa Wabelgiji hesabu ya septante na nonante, yaani sabini na tisini. Daktari aliyesomea Ufaransa husema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Akivuta pumzi katikati ya soixante-douze, mnukuzi aliyekulia Katuba au Kamalondo, mitaa ya hapa, anasikia sitini, kisha kumi na mbili, na mapigo ya moyo yaliyokuwa 72 yanakuwa jambo jingine kabisa. Six na dix, yaani sita na kumi, hufanana mtu akisema akiwa amevaa barakoa, na treize hufanana na seize. Mrija unaoleta mkojo kutoka figoni hadi kwenye kibofu unaitwa uretère, na ule unaoutoa mkojo nje ya mwili unaitwa urètre. Tofauti ni silabi moja, lakini ripoti ya upasuaji inayokosea hapo inamweleza daktari ajaye kwamba mwenzake alikata mahali ambapo hakukata.

Tarakimu ndizo ninazoziogopa kuliko maneno, kwa sababu neno lililokosewa mara nyingi husaliti kosa lake lenyewe kwa kutopatana na sentensi, ilhali tarakimu iliyokosewa hukaa kimya mahali pake kama iliyo sahihi. Mwaka 2012, jopo la mahakama katika jimbo la Alabama, Marekani, liliamua kwamba familia ya mgonjwa mmoja ilipwe dolari milioni 140. Mgonjwa huyo alikuwa amefariki mwaka 2008 baada ya kupewa yuniti 80 za insulini badala ya 8. Barua yake ya kutoka hospitalini ilikuwa imenukuliwa na wafanyakazi walioko nchi ya mbali, na sifuri moja iliongezeka njiani. Kila mnukuzi anayeingia ofisini kwangu anasimuliwa kisa hicho siku ya kwanza. Baada ya hapo anafundishwa kwamba tunaandika 5 wala si 5,0, kwa kuwa mkato ukififia katika nakala dozi inakuwa 50. Kwamba tunaandika 0,5 wala hatuanzi na mkato peke yake. Na kwamba neno yuniti linaandikwa lote, kwa sababu herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomwa kama sifuri. Si mimi niliyebuni kanuni hizo. Joint Commission, taasisi inayothibitisha ubora wa hospitali nchini Marekani, iliziweka katika orodha yake ya maandishi yaliyokatazwa tangu mwaka 2004.

Mkato wenyewe una shida nyingine kwetu tunaoishi karibu na mpaka wa Zambia. Wagonjwa wengi wenye uwezo hupita mpakani Kasumbalesa kwenda kutibiwa Zambia au Afrika Kusini, wanarudi na karatasi za Kiingereza, na daktari wa hapa huzisoma ndani ya imla yake. Katika karatasi hizo 1,500 ni elfu moja na mia tano. Katika maandishi yetu ya Kifaransa ni moja na nusu. Sukari ya damu nayo hupimwa huko kwa milimoli katika lita, hapa tumezoea miligramu katika desilita, na milimoli 1 ya sukari katika lita ni sawa na miligramu 18 katika desilita. Mnukuzi hana ruhusa ya kubadilisha kipimo, hata akijua hesabu hiyo kwa moyo. Anaandika nambari pamoja na kipimo chake kama vilivyotamkwa, na daktari asipotaja kipimo anaacha pengo.

Majina ya watu pia hayana huruma. Katika mji wenye akina Ilunga, Ngoy, Kasongo na Mwamba wengi namna hii, Ilunga Ngoy na Ngoy Ilunga wanaweza kulala katika wodi moja. Kwa hiyo hatupokei imla isiyo na nambari ya fishi, yaani kadi ya mgonjwa, na tarehe ya kuzaliwa mwanzoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinichukua miaka miwili kulielewa nikiwa mwenye biashara. Mwanzoni niliwalipa wanukuzi kwa ukurasa, kama zinavyofanya ofisi za uchapaji za mjini, na ukurasa wenye mapengo zaidi ya matatu niliukata malipo, nikiamini kwamba ninawafundisha umakini. Mapengo yalipungua haraka, nami nikafurahi. Kisha nikaanza kuchukua faili kumi kila wiki na kuzisikiliza mwenyewe nikiwa na maandishi mkononi, na nikagundua kwamba kijana niliyekuwa nikimsifu mbele ya wenzake kwa kurasa zisizo na pengo hata moja ndiye aliyekuwa akikisia kuliko wote. Alikuwa anajua tiba vya kutosha kuweka neno linaloaminika. Hakuwa mwongo, mimi ndiye niliyekuwa nikimlipa ili akisie, na nilipomweleza nilichokiona alinijibu kwa heshima: "Mama, pengo lilikuwa linanigharimu chakula cha mchana." Jibu hilo lilinikosesha usingizi.

Tangu hapo ninalipa kwa dakika za sauti. Dakika moja ya imla safi hututaka dakika tatu au nne za kazi, na imla mbaya hutaka zaidi, kwa hiyo nimeweka bei mbili na mhakiki ndiye anayeamua faili liko daraja gani kabla halijagawiwa. Pengo halipunguzi malipo ya mtu. Kinachopunguza ni neno lililoandikwa ambalo halimo katika sauti, na hilo ninalitafuta kwa kusikiliza, kila wiki, bila kukosa. Utaratibu huu ni ghali, kwa maana mhakiki analipwa mshahara bila kutoa ukurasa hata mmoja, na kuna wateja walioniacha kwa sababu bei yangu iliwashinda. Sioni namna nyingine ya kuifanya kazi hii kwa haki.

Baadhi ya madaktari waliyachukia mapengo. Mmoja aliniambia kwamba anatulipa ili tusimsumbue, na ninamwelewa, maana mtu aliyesimama kwa muda wa saa nane katika chumba cha upasuaji hataki kuulizwa maswali jioni. Lakini pengo ndilo linalomlazimisha kusoma, na nimeona mara nyingi kwamba daktari aliyefungua ukurasa ili ajaze neno moja amesahihisha pia kosa lake mwenyewe, kama mguu wa kulia aliousema badala ya wa kushoto. Wengine wamebadilisha hata namna ya kusema: wanafunga mlango, wanataja tarakimu mojamoja, wanatamka dawa kwa silabi.

Naulizwa sana kuhusu programu za kutambua sauti, kama zitatuondoa kazini. Tunazitumia kwa rasimu ya kwanza ya protokole fupi za ekografia, na zinaokoa muda. Ila zina tabia ya yule kijana wa malipo kwa ukurasa: hazipendi kuacha nafasi tupu. Watafiti waliochunguza Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, walionyesha mwaka 2024 kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti iliandika vifungu ambavyo hakuna aliyevitamka. Asilimia 1 inaweza kuonekana ndogo kwa mtu anayenukuu mkutano. Kwangu mimi inamaanisha kwamba rasimu ya mashine lazima isikilizwe yote tangu mwanzo, kwa sikio la mtu anayeruhusiwa kuufuta mstari mzima na kuweka mistari mitano midogo.

Kuhusu siri ya mgonjwa nitasema machache, kwa kuwa jambo hilo halina mjadala. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu kinalinda siri ya kazi, na Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu kuhusu data za watu binafsi. Ndiyo sababu tulikataa imla za WhatsApp: sauti ya daktari inakaa katika simu kati ya matangazo ya msiba na picha za harusi, na kidole kimoja kinatosha kuipeleka kusikostahili. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika tuna betri za saa nne. Mvua ya Januari inapoanza kupiga mabati tunasimamisha kazi mpaka ipite.

Anayetaka kazi kwangu hupewa sauti ya dakika tatu. Katika dakika ya pili, mlango unajibamiza juu ya dozi ya dawa ya moyo, na nambari iliyotamkwa hapo haisikiki kabisa. Hata mimi siijui, na daktari aliyerekodi sauti hiyo kwa ajili yetu amekataa kuniambia. Mwezi uliopita walikuja vijana tisa, wengi wao wakiwa wamesomea uuguzi. Sita waliandika nambari, kila mmoja ya kwake, na zote zilikuwa dozi zinazowezekana. Watatu waliacha pengo, na mmoja kati yao aliongeza pembeni dakika na sekunde bila kuambiwa na mtu. Huyo ameanza Jumatatu.