Kupunguza mwendo wa kazi kwa hiari: maana yake na hesabu zake

Kupunguza mwendo kwa hiari ni uamuzi wa mtu mwenye kazi inayomlipa vizuri lakini inayommaliza. Anakubali kipato kidogo zaidi ili apate muda, usingizi na utulivu, na wakati huohuo anashusha matumizi yake yalingane na kipato hicho. Masharti ni mawili na yote lazima yawepo. Aliyepunguzwa kazini hajapunguza mwendo, amepoteza ajira. Na aliyeacha kazi huku analipa kodi ya nyumba ileile, ada ileile na marejesho yaleyale, huyo hajapunguza kitu, anakula akiba tu.

Sura zake ni nyingi. Kuna anayekataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kipya kinakuja na simu za saa nne usiku. Kuna anayetoka benki kwenda kufundisha chuo cha ufundi, anayeacha ajira ya kudumu akafanya kazi za mikataba mifupi, na anayehama Dar es Salaam kwenda Morogoro au Tanga kwa mshahara mdogo na kodi ndogo. Kuna nyumba ambamo mume au mke mmoja anaacha kazi ya ofisi na mwingine anabaki. Kuacha kabisa na kwenda shambani ndiyo sura inayosimuliwa zaidi. Kwa maoni yetu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, maana inabadilisha kila kitu kwa siku moja.

Kukinai, yaani kuridhika na ulichonacho, ni fundisho la siku zote misikitini na makanisani. Kama mpango wa maisha wenye ratiba na hesabu, wazo hili linajulikana zaidi kupitia Marekani. Mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Scott na Helen Nearing walitoka New York wakahamia shamba la Vermont. Waliishi kwa kuuza asali ya maji ya mti wa mepo (maple), na wakajiwekea kanuni ya saa 4 tu kwa siku za kazi ya kujipatia riziki. Mwaka 1936 Richard Gregg, mwanasheria Mmarekani aliyewahi kuishi India karibu na Gandhi, aliandika kuhusu maisha sahili ya hiari. Uholanzi jambo hili limeingia kwenye sheria: tangu 2000 mfanyakazi anaweza kuomba kupunguziwa saa, na mwajiri akikataa lazima aoneshe sababu nzito za kibiashara.

Kwetu hakuna njia nyepesi ya namna hiyo. Zaidi ya hapo, mshahara mmoja hubeba watu wengi kuliko walio ndani ya nyumba, na kwa wengi kadi ya bima ya afya imefungwa kwenye ajira. Ndiyo maana hesabu ya Mholanzi haiwezi kunakiliwa ilivyo.

Sababu za kiafya si za kubuni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, kama hali itokanayo na kazi na si ugonjwa wenyewe. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yako, na kushindwa kuifanya kama zamani. Mwaka 2021 shirika hilo na lile la kazi, ILO, walichapisha makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi kwa asilimia 35 ya kupata kiharusi, na kwa asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40.

Hata hivyo, si kila uchovu dawa yake ni kushusha kipato. Jiulize: bosi wako akihamishwa kesho, ungebaki? Jibu likiwa ndiyo, tatizo ni bosi, si kazi: tafuta kazi nyingine ya mshahara uleule. Utakuwa umejiepusha na gharama kubwa.

Hesabu ya kwanza: saa yako inalipwa kiasi gani kweli

Chukua mtu wa Dar es Salaam mwenye mshahara ghafi wa shilingi 2,000,000, mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mfuko unakata asilimia 10, yaani 200,000. PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inahesabiwa kwenye 1,800,000 zilizobaki. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni 1, jumla 368,000. Mkononi zinaingia 1,432,000. Mwenye deni la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, anakatwa tena asilimia 15 ya mshahara.

Sasa toa gharama ambazo zipo kwa sababu tu anakwenda kazini. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Gari linalotembea kilomita 50 kwa siku kwa lita 1 kila kilomita 10, mafuta yakiwa 3,000 kwa lita, ni 15,000 kwa siku; kwa siku 22 ni 330,000. Chakula cha mchana 110,000. Maegesho 66,000. Nguo za ofisi, saluni na michango ya wafanyakazi wenzake 80,000. Dada wa kazi, kwa kuwa nyumbani hakuna mtu mchana kutwa, 150,000. Jumla 736,000, na kinachobaki ni 696,000.

Muda nao: saa 9 ofisini na saa 3 na nusu kwenye foleni, mara siku 22, ni saa 275. Gawanya, unapata kama shilingi 2,530 kwa saa. Kwenye mkataba, kwa saa 45 za wiki zinazoruhusiwa na sheria, mshahara huohuo unasomeka zaidi ya 10,000 kwa saa.

Linganisha na kazi ya 1,000,000 iliyo karibu na nyumbani. NSSF 100,000, PAYE 103,000, mkononi 797,000. Akienda kwa miguu au daladala moja na kula nyumbani, gharama za kazi zinaweza kuwa 60,000, na inabaki 737,000. Nusu ya mshahara imemwachia zaidi, na saa 60 na ushee kila mwezi zimerudi kwake. Lakini hapa watu hujidanganya kwa namna mbili. Dada wa kazi akihitajika bado, faida imekwisha. Na mchango wa pensheni, wake na wa mwajiri, umeshuka kutoka 400,000 hadi 200,000 kwa mwezi. Hasara hiyo haionekani leo, itaonekana uzeeni.

Matumizi kwanza, barua ya kuacha kazi baadaye

Ishi kwa kipato kipya kabla hakijaja. Kwa miezi 6 ukiwa bado kazini, tenga mshahara unaotarajia ndio uutumie, na tofauti yote ipeleke mahali isipoguswa ovyo, mathalani mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako pesa hutoka ndani ya siku chache za kazi. Ukivunja bajeti mwezi wa pili, mpango haujaiva. Ni afadhali kulijua hilo mshahara ukiwa bado unaingia.

Kupunguza vocha na soda hakumfikishi mtu popote. Vinavyoamua ni vinne: kodi ya nyumba, ada, gari na mkopo. Kodi Dar es Salaam mara nyingi hudaiwa miezi 6 au 12 mbele, kwa hiyo kuhama kupangwe mkataba unapokwisha, la sivyo unalipa nyumba mbili. Mtoto wa shule binafsi ahamishwe mwisho wa mwaka, na asiguswe akiwa darasa la nne au la saba, maana ni madarasa ya mitihani ya taifa. Gari likiuzwa, bima, matengenezo na matairi vinaondoka pamoja na mafuta. Wengi huliweka uani "kwa dharura", wakaendelea kulilipia.

Mkopo wa mshahara ndio unaokwamisha wengi. Benki ilikupa kwa dhamana ya mshahara kupitia mwajiri, na mikataba mingi inaruhusu benki kudai salio lote ajira inapokoma. Bima ya mkopo kwa kawaida hulipa kwa kifo au ulemavu. Kuacha kazi mwenyewe hakumo. Soma kifungu hicho kabla ya yote. Ikibidi, bakia kazini mpaka salio liishe, hata kama ni mwaka mzima zaidi.

Bajeti nyingi hazivunjwi na sukari wala unga. Zinavunjwa na vitu vya mara moja kwa mwaka: sare na ada za Januari, nauli za sikukuu, paa linalovuja. Vijumlishe, gawanya kwa 12, kisha ingiza kwenye matumizi ya kila mwezi. Akiba ya miezi 6 inamtosha anayehamia kazi nyingine ya mshahara. Anayeanzisha shughuli yake asiondoke chini ya miezi 12, na mtaji uwe kando, si ndani ya akiba hiyo.

Kuna kanuni maarufu isemayo kwamba ukiwa na mara 25 ya matumizi yako ya mwaka unaweza kuishi kwa kuchota asilimia 4. Ilitokana na hesabu za William Bengen mwaka 1994, akitumia hisa na hatifungani za Marekani kwa kipindi cha miaka 30. Haikupimwa kwa shilingi wala kwa mfumuko wa bei wetu. Usijenge maisha yako juu yake.

Sheria na mifuko

Kwa Tanzania Bara, mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba unasema zaidi. Kenya nako sheria ya ajira ya 2007 inataja siku 28. Ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata fedha hizo kwenye stahiki zako. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi. Kwa Tanzania Bara, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, kisichozidi miaka 10, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Aliyeacha mwenyewe hana. Fao la kukosa ajira vilevile halimhusu aliyejiuzulu, ingawa wapo wanaoliingiza kwenye bajeti.

Hesabu michango yako. Tanzania, pensheni ya kila mwezi inahitaji angalau miezi 180 ya kuchangia. Mwenye miezi 150 amebakiza 30 tu, na ama abaki kazini aimalizie, ama aendelee kuchangia kwa hiari. Aliyeacha kuchangia hapo amejinyima pensheni ya maisha kwa pengo la miaka miwili na nusu.

Bima ya afya itafutwe kadi ya kazini ikiwa bado hai, kwa sababu mipango mingi ina kipindi cha kusubiri kabla ya kugharamia uzazi au upasuaji. Kenya, SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii ulioanza Oktoba 2024, inatoza asilimia 2.75 ya kipato, si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake na kutakiwa kulipa kwa mwaka mzima, kwa hiyo andaa fedha hiyo kwa mkupuo.

Shughuli ya kujiajiri haiiti pesa haraka

Kuku wa mayai 100 huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Mpaka hapo wameshakula kilo 700 hadi 800 za chakula bila yai hata moja. Kwa bei ya mfano ya 1,200 kwa kilo, ni karibu 900,000, na bado hujanunua vifaranga, chanjo na banda. Wakitaga kwa asilimia 80, unapata trei 80 kwa mwezi. Kwa 8,500 kila trei ni 680,000. Chakula, gramu 120 kwa kuku kwa siku, kinameza 432,000. Inabaki 248,000 kabla ya dawa, umeme na kuku wanaokufa. Ni kipato cha nyongeza kizuri, lakini hakiwezi kushika nafasi ya mshahara. Kilimo kinachopigiwa hesabu kwenye simu tu kina tatizo lilelile: mavuno ya juu yanazidishwa kwa bei ya juu, kana kwamba soko halina washindani. Kenya walishaliona kwa kware mwaka 2013 na 2014, kila mtu alipofuga na bei ya mayai ikaporomoka.

Ndugu nao wana hesabu yao

Ukoo unaendelea kukuhesabu kwa mshahara wa zamani. Kadi za michango ya harusi zitakuja kwa kiwango kilekile, na ukikaa kimya utaonekana umebadilika tabia. Waambie mapema wale unaowategemeza kila mwezi, taja kiasi kipya na tarehe kitakapoanza, na kama kuna mtoto wa ndugu unayemsomesha, mmalizie ngazi aliyopo. Kwa michango mingine weka kiwango kimoja cha mwaka mzima, kikiisha, kimeisha. Mume na mke wasipokubaliana kwenye hili, usiandike barua yoyote, kwani mmoja akishuka na mwingine akaendelea kutumia kama zamani, pengo linazibwa kwa mikopo ya kausha damu.

Mwisho, acha mlango wa kurudi wazi. Wakili lazima ahuishe leseni yake kila mwaka, na wauguzi, wahandisi na wahasibu nao wana bodi zao zenye ada na saa za mafunzo. Kuhuisha kila mwaka ni rahisi kuliko kuomba upya baada ya miaka 4, kwa hiyo ada hiyo nayo iingie kwenye vitu vya kugawanya kwa 12.