Je, wajua kwa nini wiski ya kisiwa cha Islay inanukia moshi?

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba wiski za Islay zinanukia moshi kwa sababu ya maji. Islay ni kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, na vijito vyake ni vya kahawia kama chai isiyo na maziwa, maana hupita juu ya piti, yaani ule udongo mweusi wa mimea iliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza ikaisha. Nikayaona maji yale, nikaijua harufu ile, nikaunganisha. Nilipoanza kupanga safari ya kuvitembelea viwanda vya huko, orodha yangu ya kwanza ilijaa chemchemi na vijito.

Nilikosea, na kosa lenyewe limeenea mno, ndiyo maana nataka kulivunja taratibu.

Anza na ndoo ya maji. Loweka kuni humo usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa yamebadilika rangi, yatanukia mti, lakini hayatanukia moshi hata kidogo, kwa sababu hakuna kilichoungua. Maji ya Islay ni hivyohivyo: yamebeba rangi na asidi za mimea, wala hayajapita kwenye moto. Tena rangi hiyo haivuki mtungi wa shaba. Pombe inapochemshwa na mvuke wake kupozwa, kama ifanywavyo gongo, kinachotoka upande wa pili ni cheupe kama maji ya mvua. Rangi ya dhahabu tuionayo kwenye chupa huja baadaye, kutoka kwenye pipa la mwaloni, na wakati mwingine kutoka kwenye sukari iliyounguzwa, ambayo sheria inaruhusu kuongezwa.

Ushahidi ulionimaliza kabisa uko Bruichladdich, kiwanda cha upande wa magharibi wa kisiwa. Jengo moja, mitungi ileile, maji yaleyale, lakini hutoka wiski za namna tatu. Ile yenye jina la kiwanda haina moshi, Port Charlotte ina moshi mzito, na Octomore ni miongoni mwa wiski zenye moshi mkali kuliko zote duniani. Kinachobadilika pale mwanzoni ni kimea tu.

Aliyewahi kuona mbege ikitengenezwa Uchagani anakijua kimea: ulezi unaloweshwa, unaachwa uchipue, kisha unakaushwa. Shayiri ya wiski hupita njia hiyohiyo. Inalowekwa kama siku mbili, inatandazwa sakafuni karibu wiki nzima, na watu wanaigeuza kwa makoleo ya mbao ili mizizi isisokotane na punje zisipate joto kupita kiasi. Ndani ya punje vimeng'enya vinaamka na kuiandaa wanga igeuke sukari. Ikiachwa, punje itaila sukari yake yenyewe ili iwe mmea. Kwa hiyo lazima ikaushwe kwa joto, na kwa wakati wake. Islay ina miti michache, na makaa ya mawe yalilazimika kuja kwa meli. Piti ilikuwa chini ya miguu ya watu: waliikata kama matofali, wakaianika, wakaiwasha.

Sasa fikiria mama anayefukiza nguo kwa udi. Chetezo kiko chini, tenga juu yake, na nguo imetandazwa juu ya tenga. Moshi unapanda, unapenya kwenye nyuzi, na baada ya saa nyingi nguo bado inanukia ingawa chetezo kilishapoa zamani. Harufu hiyo ina mwili: ni chembe ndogo mno zilizotoka kwenye moto zikang'ang'ania kitambaa. Chumba cha kukaushia kimea ni tenga kubwa. Sakafu yake ina matundu, shayiri imetandazwa juu, na moto wa piti uko chini kabisa. Chembe zinazohusika hapa huitwa fenoli, na baadhi yake zinanukia kama dawa ya kuua vijidudu hospitalini. Ndiyo maana wengi wakinusa Laphroaig, mojawapo ya wiski za Islay, kwa mara ya kwanza hukumbuka wodi.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni unyevu. Fenoli hunata kwenye ganda la punje likiwa bado bichi. Anayekausha samaki kwa moshi anaijua kanuni hii, maana samaki mwenye ngozi yenye unyevu hushika moshi vizuri kuliko aliyekwisha kukauka. Basi piti huchomwa mwanzoni, tena kwa moto mdogo wenye moshi mwingi, halafu hewa ya moto isiyo na moshi humalizia kazi. Ukichelewa, moshi unapita tu na kutokea darini.

Viwanda hupima fenoli kwa sehemu katika milioni. Kimea cha Ardbeg, kiwanda kingine cha kisiwani, huwa kama 55, cha Port Charlotte 40. Lakini kipimo hicho ni cha kimea, si cha glasi. Nyingi hupotea njiani, na kwa kuwa fenoli huchelewa kutoka kwenye mtungi, mpika wiski anayeendelea kukusanya kinachotoka kwa muda mrefu zaidi hupata moshi mwingi zaidi.

Vipi kuhusu upepo wa bahari kupenya kwenye mapipa na kuacha chumvi? Waongozaji wengi hulisema hilo, ila ushahidi wake ni mwembamba. Sehemu kubwa ya wiski ya Caol Ila, kiwanda kingine cha Islay, hukomazwa bara, mbali na kisiwa, na bado watu huionja wakaitaja bahari.

Basi orodha yangu ikabadilika. Feri hutoka Kennacraig, bandari ya Uskoti bara, na huchukua kama saa mbili. Ukishukia Port Ellen, kuna njia ya miguu ya kilomita kama tano inayopita Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg. Itumie, kwani tangu 2014 kiwango cha pombe kwa madereva wa Uskoti ni cha chini kuliko cha Uingereza. Mwenye kuendesha gari kwa kawaida hupewa onjo lake kwenye kichupa aende nalo. Mwishoni mwa Mei kuna tamasha la kisiwa, na vyumba hujaa mapema sana.

Usidanganywe na mapaa yaliyochongoka ya vyumba vya kukaushia. Mengi yamebaki pambo, kwa sababu viwanda vingi hununua kimea kilichokwisha kufukizwa, hasa kutoka kituo kikubwa cha Port Ellen. Bowmore, Laphroaig na Kilchoman wanajulikana kwa kutandaza shayiri yao wenyewe, ingawa si yote wanayotumia. Unapoweka nafasi, uliza kama siku hiyo sakafu inafanya kazi, maana viwanda husimama wiki kadhaa kwa matengenezo, mara nyingi kiangazi.

Ukifika, omba punje chache za kimea. Hata asiyekunywa pombe anaweza kuzitafuna. Kwanza unakuja utamu kama wa biskuti, ganda linapasuka kwenye meno, halafu moshi unapanda hadi puani, kutoka kwenye punje ambayo bado haijauona mtungi wala pipa.